Kupiga Picha Pwani Wakati wa Kusi: Soma Maji Kabla ya Kufungua Kamera

Kabla ya kuuliza jua linachomoza saa ngapi, uliza maji yanajaa saa ngapi. Hilo ndilo somo la kwanza kwa anayekwenda kupiga picha za mandhari pwani wakati bahari imechafuka. Jua likikupita leo utalipata kesho. Maji yakikukuta juu ya jabali lisilo na njia ya kurudi, huenda kesho usiione.

Mwongozo huu ni wako kama una kamera, au hata simu nzuri, na unataka kurudi na picha za mawimbi, mawingu mazito na minazi iliyolazwa na upepo, huku wewe na vifaa vyako mkiwa salama. Mifano mingi ni ya kusini na mashariki mwa Unguja, lakini hesabu zake zinafaa kuanzia Mtwara hadi Lamu.

KWA NINI UENDE WAKATI WA KUSI

Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari ni ya buluu na mbingu ni nyeupe kwa jua. Ni msimu mzuri wa kuogelea, ila picha zake hufanana. Kusi huanza kuvuma mnamo Aprili na huendelea hadi Septemba au Oktoba, nguvu zake zikiwa kubwa zaidi Juni hadi Agosti. Huja kutoka kusini na kusini mashariki, likasukuma mawimbi moja kwa moja kwenye fukwe zinazotazama upande huo. Mawingu hupita kwa kasi, jua hufunguka na kujifunga, na kila dakika kumi mwanga hubadilika. Hapo ndipo picha ilipo.

Ila usichanganye kusi na masika. Aprili na Mei kuna mvua kubwa, radi, na hatari nyingine inayosahaulika: kimbunga. Kwetu ni nadra, lakini kipo. Unguja ilipigwa Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, na Hidaya kilifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024. Vyote vitatu vilikuja Aprili au mwanzoni mwa Mei, wakati msimu wa vimbunga vya kusini mwa Bahari ya Hindi unaelekea kwisha. Kwa hiyo, safari yako ya kwanza ifanye kati ya Juni na Agosti: upepo utaupata, mawimbi utayapata, na mvua nyingi zitakuwa za kupita.

SOMA MAJI

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Unguja inakaribia mita 4. Ni kimo cha chumba kizima na paa lake. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua sana.

Kinachomfaa mpiga picha ni kwamba saa za maji hazibahatishwi. Siku ya mwezi mpevu au mwezi mpya, maji Unguja na Mombasa hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, kisha husogea mbele kila siku, kwa wastani wa dakika 50. Wavuvi hawahitaji simu kwa hesabu hii. Wanahesabu tarehe za mwezi mwandamo.

Jioni moja ya Julai, Jambiani, nilimkuta mzee mmoja akiparua ngalawa yake iliyopandishwa juu ya mchanga. Nilikuwa nimechagua jiwe zuri la kusimama machweo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikamwonyesha jiwe lile, nikamuuliza maji yatafika wapi. Hakuangalia jiwe, aliangalia juu. "Leo mwezi tatu," akasema. "Ikifika magharibi huna pa kukaa pale." Nilirudi nyuma hadi kwenye mizizi ya mnazi. Saa 12 kasorobo lile jiwe lilikuwa halionekani, na picha niliyoipata ilikuwa ya wimbi likipasuka mahali nilipokuwa nimepanga kusimama.

> HESABU YA HARAKA (tarehe za mwezi mwandamo)
>
> • Tarehe 2–4 na 16–18: maji hujaa karibu na mapambazuko na karibu na magharibi. Ni siku za mawimbi yanayopiga majabali katika mwanga laini. Ni siku za hatari zaidi pia.
>
> • Siku hizohizo, saa 5 asubuhi hadi saa 6 mchana: maji hupwa kabisa. Mchanga wenye mistari, vidimbwi na mashamba ya mwani hufunuka.
>
> • Tarehe 9–11 na 23–25: maji mafu. Maji huwa yamepwa karibu na mapambazuko na magharibi, lakini hayaendi mbali. Zinafaa kwa anayeanza.
>
> Hesabu hii ni ya kupangia safari. Saa kamili zichukue kwenye jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe, kisha muulize mvuvi wa hapo.

CHAGUA MAHALI KWA KUTAZAMA UPEPO

Kusi likivuma, upande unaotazama mashariki na kusini hupigwa, na upande wa magharibi hupata kivuli cha nchi kavu. Anza na hilo, kisha fikiria jua.

*Jambiani na Paje (mashariki mwa Unguja).* Mwamba uko mbali na ufukwe, hivyo mawimbi makubwa hupasuka huko nje na kuchora mstari mweupe. Ndani hubaki maji ya kina kifupi. Ni pazuri kwa mapambazuko, ngalawa na vigingi vya mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza huku mwishoni mwa miaka ya 1980.

*Mtende (kusini mwa Unguja).* Ufukwe mdogo uliobanwa na majabali ya matumbawe. Maji yakijaa humeza karibu mchanga wote. Piga kutoka juu. Usishuke maji yanapopanda.

*Kizimkazi Dimbani.* Ghuba inayotazama machweo, yenye mashua zilizotia nanga. Msikiti wake wa kale una maandishi ya mwaka 1107. Omba ruhusa kabla ya kuupiga picha.

*Ras Kigomasha, Pemba.* Mnara wa taa wa chuma uliojengwa mwaka 1900, kwenye ncha ya kaskazini magharibi ya kisiwa.

*Mama Ngina, Mombasa.* Mibuyu juu ya majabali, mawimbi chini yake, na meli zikiingia Kilindini. Baki nyuma ya kizuizi.

*Watamu.* Visiwa vidogo vya matumbawe vilivyoliwa na maji chini hadi vikafanana na uyoga. Ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo ulizia kiingilio.

PANGA SAFARI: HATUA SABA

1. Angalia tarehe ya mwezi mwandamo na uchague siku tatu mfululizo. Siku moja haitoshi. Mawingu yakifunga kabisa utarudi mikono mitupu.
2. Andika kwenye karatasi saa za maji na saa za jua. Julai, jua la Unguja huchomoza karibu saa 12:30 asubuhi na kuzama karibu saa 12:20 jioni. Kwetu giza huingia upesi: baada ya jua kuzama una dakika kama 20 za mwanga wa maana.
3. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Tahadhari ikitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, usikae kwenye majabali ya chini. Ikitaja kimbunga, ahirisha safari.
4. Kama unavuka kwa boti, acha siku moja ya akiba kila upande. Meli ya Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012 bahari ikiwa imechafuka. Vyombo vikizuiwa, vimezuiwa kwa sababu. Usitafute mashua ya kukuvusha kwa siri.
5. Fika mahali siku moja kabla, maji yakiwa yamepwa, ukatazame majabali yote na njia za kupanda. Julai, Makunduchi na vijiji jirani hujaa wageni wa sherehe za Mwaka Kogwa. Tafuta malazi mapema.
6. Tafuta mwenzako. Mmoja anapochungulia kwenye kamera, mwingine anatazama bahari.
7. Mwambie mtu aliyebaki nyumbani uko wapi na utarudi saa ngapi.

VIFAA: ORODHA YA KUKAGUA

☐ Kamera na lenzi moja pana. Ya pili iwe ndefu, kwa kuvuta mawimbi ya kwenye mwamba.
☐ Tripodi nzito kiasi. Nyepesi sana hutikiswa na upepo.
☐ Vitambaa laini vitano au zaidi. Kimoja kitalowa chumvi ndani ya robo saa.
☐ Chupa ndogo ya maji safi ya kunywa, kwa kufutia lenzi.
☐ Kofia ya plastiki ya kuogea, ya kuifunika kamera.
☐ Begi lisilopitisha maji. Usitegemee mifuko ya plastiki ya dukani: Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, Kenya 2017, Tanzania Bara 2019.
☐ Viatu vya kufunga vyenye soli ngumu. Matumbawe hukata kama wembe, na kandambili huteleza.
☐ Tochi ya kichwani, betri za akiba, maji ya kunywa.
☐ Dumu tupu la lita 5 lenye kifuniko, lililofungwa kamba. Kazi yake imeelezwa chini.

UKIFIKA UFUKWENI

Usifungue begi kwanza. Kaa mahali pa juu utazame bahari kwa dakika 20. Mawimbi huja kwa makundi: madogo mengi, kisha makubwa matatu au manne. Ukitazama dakika mbili tu utaona madogo na kudhani ndiyo yote.

1. Tafuta mstari wa unyevu. Jiwe likiwa limelowa, wimbi limelifikia, na litalifikia tena. Simama juu ya mstari huo, palipokauka.
2. Tazama chini ya jabali kabla ya kupanda juu yake. Majabali yetu ya matumbawe huliwa na maji kwa chini, ukingo ukabaki umening'inia. Kaa hatua kadhaa nyuma ya ukingo.
3. Panga njia mbili za kurudi. Moja ikifikiwa na maji, ondoka kwa ile ya pili. Usisubiri picha ya mwisho.
4. Simika tripodi: tanua miguu, kandamiza mchangani mpaka igome kushuka, na usiinue nguzo ya katikati. Ning'iniza begi chini yake, liguse ardhi ili lisipepesuke.
5. Weka kengele ya simu ilie saa moja kabla ya maji kujaa. Ikilia, sogea juu, hata kama mwanga ndio kwanza umenoga.
6. Usiipe bahari mgongo. Unabadilisha betri, unafuta lenzi, unaangalia picha: vyote vifanye ukiwa umeielekea.

> TAHADHARI: MAJI YANAYOKUJA KWA NYUMA
>
> Jambiani na Paje watu hutembea maji yakipwa hadi karibu na mwamba. Huko nje ni juu kidogo kuliko baadhi ya mikondo iliyo karibu na ufukwe. Maji yakianza kujaa, mikondo ile hujaa kwanza, na wewe unabaki umesimama pakavu ukidhani una muda. Anza kurudi maji yakiwa bado yanapwa. Wakulima wa mwani wakianza kuondoka, ondoka nao.

PICHA TATU, MIPANGO MITATU

Bahari ni ileile, lakini muda unaoruhusu mwanga kuingia ndio unaoamua itaonekanaje. Jifunze mipango hii mitatu kwanza.

*Wimbi likipasuka.* Unataka kila tone lionekane. Kasi ya shata 1/1000 au zaidi, tundu la lenzi f/5.6 hadi f/8, ISO ipande inavyohitajika. Piga mfululizo, ukianza kabla wimbi halijagonga jiwe.

*Maji yakirudi baharini.* Baada ya wimbi kupasuka, povu hurudi likichora mistari juu ya mchanga na mawe. Tripodi, kasi kati ya 1/4 na sekunde 1, f/11, ISO 100. Bonyeza maji yanapoanza kurudi, si yanapokuja.

*Bahari kama ukungu.* Sekunde 20 hadi 30, kwa filta nyeusi ya kupunguza mwanga au katika giza la alfajiri. Tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Picha hii inahitaji kitu kisichotikisika: jabali, nguzo ya gati, mnara. Ngalawa inayoelea itatoka kama kivuli.

Kwa zote, hifadhi picha kwa RAW, nyoosha upeo wa bahari, na punguza mwanga kidogo ili povu lisigeuke doa jeupe lisilo na kitu. Ukiwa na simu, gusa kwenye povu, shikilia hadi mwanga ufungike, kisha ushushe.

RADI NA MAJI: LINI UONDOKE

Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni karibu kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, kunja tripodi uondoke. Ingia kwenye nyumba ya matofali au ndani ya gari lililofungwa. Banda la makuti halikukingi, na mnazi uliosimama peke yake ndio mahali pabaya kuliko pote. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Maji yakikuchukua, usishindane nayo kurudi ulikotokea. Elea, inua mkono mmoja, piga kelele, na ogelea sambamba na ufukwe mpaka uone mvuto umelegea, ndipo uelekee nchi kavu. Akichukuliwa mwenzako, usimfuate. Mrushie dumu lile tupu, shika kamba, ita wavuvi, piga 112. Kamera ikianguka majini, iache.

WATU WA PWANI NA VIBALI

Pwani ina wenyewe. Mama anayefunga mwani, maji yakiwa yamemfika kiunoni, yuko kazini, na mvuvi anayeshusha samaki dikoni yuko kazini. Salimia, jitambulishe, eleza unachofanya, kisha omba. Akikataa, shukuru na ugeuze lenzi. Akikubali, muulize jinsi ya kumfikishia picha yake, na umfikishie kweli. Ukirudi mwaka unaofuata utapokewa kama mwenyeji.

• Ukikaa kijijini siku kadhaa, pita kwa sheha au serikali ya mtaa. Ufukweni, pita kwa viongozi wa wavuvi.
• Vaa kwa heshima ukivuka kijiji, hata kama unatoka majini.
• Usipige picha bandari, vivuko, kambi wala vyombo vya ulinzi.
• Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya anga, iwe Tanzania au Kenya. Na kwa upepo wa kusi, hata yenye kibali mara nyingi ni bora ibaki begini.

UKIRUDI: ONDOA CHUMVI USIKU HUOHUO

Chumvi haingoji. Inavuta unyevu na kula chuma ukiwa umelala.

1. Usiingize kamera moja kwa moja kwenye chumba chenye kiyoyozi, wala usiitoe humo na kuifungua hapohapo nje. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa.
2. Puliza mchanga kwanza kwa kipuliza vumbi. Ukifuta mchanga mkavu juu ya lenzi, unaikwaruza.
3. Lowesha kitambaa kidogo kwa maji matamu, ukamue, ufute mwili wa kamera na kioo cha mbele. Kausha kwa kitambaa kingine.
4. Fungua tripodi vipande vyote, uoshe kila kiungo, uache wazi hadi asubuhi. Visima vya karibu na bahari mara nyingi vina chumvichumvi. Suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa.
5. Hamisha picha mahali pawili kabla ya kulala.

MAKOSA YANAYORUDIWA

• Kubadilisha lenzi ufukweni. Chumvi ikiingia ndani, hutaiona hadi mwezi ujao.
• Kuegesha gari chini ya mnazi wenye nazi siku ya upepo.
• Kuchelewa kufika. Mawingu mazuri huwaka kabla jua halijatoka.
• Kufunga begi mara jua likizama. Rangi za mwisho huja dakika kumi baadaye.
• Kuamini jedwali la bandari ya mbali kuliko mvuvi aliyesimama mbele yako.
• Kudhani kwamba kwa kuwa jana palikuwa salama saa hii, leo pia ni salama. Maji yamesogea.

KABLA HUJATOKA MLANGONI

☐ Leo mwezi ngapi?
☐ Maji yanajaa saa ngapi, na saa hiyo nitakuwa nimesimama wapi?
☐ Nani anajua niliko?
☐ Njia yangu ya pili ya kurudi ni ipi?

Ukiweza kujibu yote manne bila kufungua simu, uko tayari kuichukua kamera. Ukikwama kwenye moja, nenda dikoni mapema, salimia, ukae karibu na anayeparua ngalawa yake. Jibu lako linajulikana pale tangu kabla ya kamera kuvumbuliwa.